Venice kwa Hesabu ya Madaraja: Safari na Mama, Mei 2025

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurudi Tanga, nikiyaunganisha kutoka katika daftari nililokuwa nikiandika kila usiku na katika picha za simu, ambazo nyingi si za majengo bali ni za ratiba za boti, risiti na vibao vya magatini. Nilisafiri na mama, ambaye umri wake umepita miaka sabini na magoti yake hayapatani na ngazi. Tulikuwa tumekwenda Italia kumwona mdogo wangu anayesoma Padova, na kwa kuwa kutoka Padova hadi Venice ni mwendo wa treni usiofika saa moja, wengi walitushauri twende asubuhi na kurudi jioni. Tuliamua kwenda kulala huko, na uamuzi huo ndio ninaotaka kuutetea hapa. Venice imejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya mia nne, na karibu kila daraja lina ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Anayesafiri na mzee, mtoto mchanga au sanduku zito hana budi kuyahesabu madaraja hayo kabla hajatoka mlangoni, na hesabu hiyo haifanyiki kwa haraka.

Bei ninazozitaja ni za mwezi huo wa Mei. Kuhusu viza, Mtanzania anahitaji ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi huruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nami nashauri kutosubiri mwezi wa mwisho.

Jumatano, 7 Mei: Padova hadi Cannaregio

Tulipanda treni ya kawaida baada ya adhuhuri, ile inayosimama karibu kila kituo, kwa nauli ya takriban euro tano kila mmoja. Kabla ya kufika Mestre ilisimama kwa muda mrefu na matangazo yalitolewa kwa Kiitaliano cha haraka tusichokifuata. Msichana aliyeketi mbele yetu, ambaye alikuwa na madaftari ya chuo mapajani, aliona mama anaanza kuhangaika, akamwonesha kwenye simu yake kwamba kuna treni nyingine mbele yetu inayosubiriwa kuondoka. Kisha akatusisitizia tusishuke Mestre. Onyo hilo ninalirudia kwa kila atakayefuata: stesheni ya Venezia Mestre iko bara, na ya mjini ni Venezia Santa Lucia, ambayo ndiyo mwisho wa reli. Kati ya hizo mbili treni huvuka wangwa juu ya daraja refu la reli lililofunguliwa mwaka 1846, maji yakiwa pande zote mbili. Tiketi ya karatasi ya treni za kawaida hugongwa kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, vinginevyo mkaguzi anaweza kukutoza faini hata kama umelipa nauli.

Ukitoka nje ya Santa Lucia hukuti gari wala teksi, bali Mfereji Mkuu uliopinda katikati ya mji, na usafiri wa umma ni boti ziitwazo vaporetto. Hapo ndipo fedha nyingi za wageni hupotea, kwa hiyo nieleze hesabu yetu. Tiketi moja ya dakika 75 ni euro 9.50, ya saa 24 ni euro 25, ya saa 72 ni euro 45 na ya siku saba ni euro 65. Sisi tulikuwa tunakaa hadi Jumapili, hivyo ya saa 72 isingetosha, na kuiongezea ya saa 24 kungetugharimu euro 70 kila mmoja; ya siku saba ilikuwa nafuu zaidi ingawa siku zake hatukuzimaliza. Muda huanza kuhesabiwa unapoigusisha tiketi mashineni mara ya kwanza, si unapoinunua, na ni lazima uigusishe kila unapopanda. Kijana mwenye umri usiozidi miaka 29 aulize kadi ya Rolling Venice, ya euro sita, ambayo humpa tiketi ya saa 72 kwa euro 27.

Tulichukua njia namba 1, inayosimama kila gati la Mfereji Mkuu. Mabaharia wa boti hizi ni watu wenye subira. Yule wa kwanza alimshika mama mkono na kumwonesha kiti kabla hajafunga kizuizi, na jambo hilo lilijirudia karibu kila tulipopanda. Upande wa kulia, kabla ya gati la San Stae, lipo jengo refu jeupe lenye matao mengi, Fondaco dei Turchi, ambamo wafanyabiashara wa dola ya Uthmaniya walikuwa wakiishi na kuweka bidhaa zao kuanzia mwaka 1621 hadi 1838, wakiwa na mahali pao pa kuswalia ndani. Siku hizi ni makumbusho ya viumbe.

Chumba chetu kilikuwa Cannaregio, karibu na gati la Ca' d'Oro, na nilikichagua kwa sababu moja: kati ya gati na mlango hapakuwa na daraja hata moja. Kabla ya kulipia chumba chochote Venice, mwandikie mwenye nyumba umuulize ni madaraja mangapi kutoka gati la karibu na ni ngazi ngapi ndani ya nyumba, kwa maana nyumba nyingi za zamani hazina lifti. Uliza pia kodi ya utalii, ambayo hulipwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo katika bei uliyooneshwa. Anwani nazo zina utaratibu wake: mji una kata sita, na nyumba huhesabiwa kwa kata nzima badala ya mtaa, hivyo ukiambiwa Cannaregio 4 elfu na kitu, namba hiyo peke yake haitakufikisha. Omba jina la kichochoro na jina la kanisa lililo karibu.

Alhamisi, 8 Mei: San Marco

Kwenda uwanja wa San Marco watu wengi hushuka gati la San Zaccaria, kisha hulazimika kuvuka Ponte della Paglia, daraja lililojaa wapiga picha kutwa nzima. Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu chake cha magurudumu ndiye aliyetuelekeza vizuri zaidi. Alimtazama mama, akamtazama magoti, akasema tushuke Vallaresso. Kutoka hapo unafuata kichochoro kilichonyooka, unakata kulia, na unaingia uwanjani bila kupanda daraja lolote. Yeye ndiye aliyetufundisha kuuliza "quanti ponti?", yaani madaraja mangapi, kila tunapoulizia njia. Wenyeji wenyewe huelekeza kwa madaraja, na jibu lao ni la kuaminika kuliko ramani ya simu, ambayo hukupa dakika za kijana mwenye miguu miepesi.

Tulifika kabla kanisa kuu halijafunguliwa kwa wageni saa tatu na nusu. Mavazi yanapaswa kufunika mabega na magoti, mabegi makubwa hayaruhusiwi, na tiketi ni vyema kuinunua mapema kwenye mtandao ukiwa umechagua saa. Anayekwenda kusali ana mlango wake upande wa kaskazini na hatozwi. Mama aliingia na mtandio wake, na mlinzi alimkaribisha kwa heshima na kumsogezea kamba ili asizunguke. Jengo hili lilianzwa mwaka 1063, na sababu ya kuwapo kwake inaanzia Afrika: mwaka 828 wafanyabiashara wa Venice waliuchukua mwili unaoaminiwa kuwa wa Mtakatifu Marko kutoka Aleksandria, Misri, na masimulizi yao wenyewe yanasema waliuficha chini ya nyama ya nguruwe ili maofisa wa bandari wasiuguse. Farasi wanne wa shaba unaowaona juu ya mlango ni nakala. Wa asili, waliotekwa Konstantinopoli mwaka 1204, wamehifadhiwa ndani ghorofani, na ngazi za kuwafikia ni kali. Nilipanda peke yangu huku mama akitazama michoro ya dhahabu darini.

Kasri la Doge, mtawala mkuu wa Venice ya zamani, liko pembeni tu. Tiketi yake ni euro 30, lakini anayenunua siku thelathini kabla hulipa 25, na tiketi hiyo hiyo inakuingiza Museo Correr upande wa pili wa uwanja. Ndani ipo lifti kwa wasioweza ngazi, ila sehemu ya magereza na lile Daraja la Masikitiko, walilopitishwa wafungwa, haifikiki kwa lifti, na wahudumu walitueleza hivyo mapema bila kutuficha. Ukumbi wa Baraza Kuu una urefu wa zaidi ya mita hamsini bila nguzo katikati. Mama aliketi kwenye benchi la ukutani kwa muda mrefu, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Kuketi ni suala zito katika mji huu. Kukaa sakafuni au kwenye ngazi za San Marco na kula hapo kunatozwa faini, kama kunavyotozwa kulisha njiwa, na meza za mikahawa ya uwanjani huongezewa malipo ya muziki juu ya bei ya kinywaji. Kahawa ile ile ukiinywa umesimama kaunta katika kichochoro cha nyuma hugharimu kama euro moja na nusu. Kwa mzee anayehitaji kupumzika bila kununua kitu, nenda Giardini Reali, bustani iliyo kati ya uwanja na maji, ambayo ina mabenchi yenye kivuli. Beba chupa: maji ya bomba na ya chemchemi za mitaani ni safi ya kunywa.

Mchana tuliingia Museo Correr, na kupitia humo Maktaba ya Marciana, kwa sababu ya kitu kimoja. Ni ramani ya dunia iliyochorwa katikati ya karne ya 15 na mtawa aitwaye Fra Mauro, duara la kipenyo cha karibu mita mbili, lenye maandishi madogo kila mahali. Kusini iko juu, kama ilivyokuwa katika ramani nyingi za Waarabu, na Bahari ya Hindi iko wazi, imeunganishwa na bahari nyingine kwa kuizunguka ncha ya Afrika, miaka takriban arobaini kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi. Mama alisimama mbele ya ramani hiyo kwa muda mrefu kuliko mbele ya kitu chochote kingine safarini.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu mtawa aliwahi kufika kwetu?"

Nikamjibu kwamba alikuwa akikaa kisiwani hapa hapa na kuwasikiliza mabaharia na wasafiri waliopita.

"Basi alisikiliza vizuri," akasema, na akaniomba nimpige picha upande wa pwani yetu. Vyumba hivi vilikuwa karibu vitupu wakati foleni ya kasri ilikuwa imejaa hadi nje. Ningemshauri kila msomaji wa Kiswahili anayefika San Marco atenge saa moja kwa ajili ya ramani hii.

Jioni tulikuwa tumeketi kwenye uwanja mdogo wa Santi Apostoli, punde baada ya saa kumi na mbili, kengele zilipoanza kulia kutoka kanisa moja hadi jingine. Watu walitoka madukani wakiangalia simu. Moshi mweupe ulikuwa umeonekana Vatikani, na muda si mrefu tukasikia jina la Papa Leo XIV. Mzee mmoja aliyekuwa benchi la pili alimpa mama mkono kana kwamba ni jirani yake wa siku zote. Mama akamwitikia "Alhamdulillah", naye akatabasamu na kutikisa kichwa. Mapatriaki watatu wa Venice, yaani maaskofu wake wakuu, walipata kuwa Papa katika karne ya 20, kwa hiyo habari hiyo ilipokewa hapa kama ya nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei: Rialto asubuhi, Mestre mchana

Kutoka Santa Sofia, hatua chache kutoka kwetu, ipo gondola ya kuvusha watu inayoitwa traghetto. Nauli ni euro mbili, safari ni ya dakika chache, na inakutua moja kwa moja sokoni Rialto bila kulipanda daraja la Rialto. Wenyeji husimama, mama aliruhusiwa kuketi. Gondola ya matembezi ni jambo jingine: bei rasmi ni euro 90 kwa nusu saa mchana na 110 usiku, nayo ni ya chombo kizima cha watu hadi watano, si ya kila mtu. Kubaliana bei kabla ya kuweka mguu.

Soko la samaki hufungwa Jumapili na Jumatatu, na ifikapo adhuhuri meza zinaoshwa. Kwenye vilabu vidogo vya pembeni huuzwa vitafunwa viitwavyo cicchetti, vingi kati ya euro mbili na tatu. Tulikula baccalà mantecato, samaki mkavu aliyepondwa kwa mafuta hadi akalainika juu ya kipande cha mkate. Dagaa wakubwa wa kukaanga waliolazwa kwenye vitunguu na siki, sarde in saor, wanafanana sana na samaki wa achari wa kwetu, lakini wapishi wengine hutia mvinyo, hivyo Mwislamu aulize, kama anavyopaswa kuuliza "maiale?" kwa kila chenye nyama, maana yake nguruwe. Katika migahawa ya kuketi kuna malipo ya meza yaitwayo coperto, euro mbili au tatu kwa kila mtu. Ni halali na huandikwa kwenye orodha ya vyakula.

Mchana tulivuka kwenda Mestre kwa tramu kutoka Piazzale Roma, kwa sababu mama alitamani wali. Tiketi zetu za boti zilikubaliwa kwenye tramu. Asiye nazo hulipa euro 1.50. Mestre ina jamii kubwa ya Wabangladeshi, na karibu na stesheni utapata migahawa na maduka ya halali kwa bei ambayo ni nusu ya ile ya visiwani. Tulikula biriani ya kuku. Mwenye mgahawa aliposikia tumetoka Tanga, akatuletea chai ya maziwa bila kuitoza, kisha akatufungulia chumba cha nyuma alichotandika mikeka, tukaswali. Tulipojaribu kumwachia chochote, alikataa kwa kumwita mama yangu mama yake.

Tuliporudi kabla ya saa kumi jioni tulikutana na wakaguzi wa ada ya kuingia mjini. Ada hiyo hutozwa siku maalumu za msimu, mwaka 2025 zikiwa nyingi ni Ijumaa hadi Jumapili kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Julai, kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni. Anayekuja kwa siku moja hulipa euro tano akiwahi siku kadhaa kabla, au kumi akichelewa. Anayelala mjini, hata Mestre, halipi, lakini ni lazima ajisajili kwenye tovuti rasmi ya manispaa na abebe msimbo wake. Tulionesha yetu kwenye simu, tukapita.

Jumamosi, 10 Mei: Murano na Burano

Hii ndiyo siku iliyokuwa na usumbufu. Maonyesho makubwa ya usanifu majengo ya Biennale yalikuwa yanafunguliwa, mji ulijaa, na kwenye gati la Fondamente Nove boti za njia namba 12 ziliondoka zimefurika huku tukibaki foleni. Baharia alimwona mama na kumpitisha mbele katika boti iliyofuata, na waliotutangulia walisogea bila manung'uniko. Mwenye kwenda Burano siku ya wikiendi awe gatini kabla ya saa tatu asubuhi.

Boti hupita kando ya San Michele, kisiwa cha makaburi chenye kuta za matofali na miti mirefu. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya mtawa Fra Mauro, nikamwonesha mama.

Matanuru ya vioo ya Venice yalihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291. Utaitwa na watu wengi uingie kutazama kioo kikipulizwa. Onyesho huisha dukani, na hakuna ulazima wa kununua. Anayenunua atafute alama ya Vetro Artistico Murano, kwa kuwa vioo vingi vinavyouzwa mjini vimetoka mbali. Sisi tulikwenda makumbusho ya vioo, na humo mama alisimama mbele ya sanduku la shanga ndogo. Shanga za Venice zilisafirishwa hadi Zanzibar katika karne ya 19 na kubebwa na misafara hadi maziwa makuu, zikilipia pembe, chakula na ushuru wa njia, na miongoni mwa zilizotakiwa sana zilikuwa nyekundu zilizoitwa samesame. Mama alizitazama nyekundu zenye kiini cheupe, akasema bibi yake alikuwa na mtungo kama huo ndani ya kijaluba, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia zilikotoka. Hakuna maelezo ya makumbusho yaliyotaja pwani yetu mahali hapo, na kwa maoni yangu yangestahili kutajwa.

Burano ni nyumba za rangi kali, mfereji mtulivu na wanawake wanaouza lesi. Ni tambarare na rahisi kwa mzee. Kisiwa cha Torcello tulikiacha.

Jumapili, 11 Mei: San Giorgio na kuondoka

Mabegi tuliyaweka asubuhi kwenye sehemu ya kuhifadhi mizigo ya stesheni, kisha tukapanda njia namba 2 kwa upande wa Giudecca hadi kisiwa cha San Giorgio Maggiore. Kanisa lake ni kazi ya msanifu majengo Palladio, lilianzwa mwaka 1566, na mnara wake una lifti kwa chini ya euro kumi. Mnara wa San Marco nao una lifti, lakini foleni yake ni ndefu mno kwa mzee kusimama. Huku tulisubiri watu wachache tu mbele yetu, na gati liko mbele ya mlango wa kanisa. Ukienda Jumapili, tazama kwanza saa za misa.

Juu tulikaa hadi mama aliposema inatosha. Kurudi ni kwa njia hiyo hiyo namba 2, ambayo hupita Giudecca, Tronchetto na Piazzale Roma na kukushusha Ferrovia, mbele ya stesheni. Choo cha umma ni euro moja na nusu, na ni vyema kuwa na sarafu. Treni za Padova zilikuwa zikiondoka mara kwa mara, tukachukua ya saa tisa na dakika kadhaa alasiri, safari hii ikafika kwa wakati, na mdogo wangu alikuwa jukwaani akisubiri kuyapokea mabegi.